Siku Kijiji Kilipopiga Kura Kama Mvua Imenyesha

Zainabu, wewe na wenzako mnaopokea kazi hii, mliniomba karatasi moja tu ya kubandika ukutani, inayoeleza namna ya kusoma kipimamvua. Nilianza kuandika Jumatatu. Leo ni Alhamisi, karatasi zimekuwa nyingi, na sina hakika kama yote yaliyomo ni ya kazi. Nimesoma hadi darasa la saba. Nikikosea maneno mnisamehe. Nikikosea milimita msinisamehe.

Nianze na yale mtakayoyatumia kesho. Saa tatu kamili asubuhi, siyo saa tatu kasoro, unafungua mlango wa uzio, unatoa faneli inayokinga mvua, unatoa chupa iliyo chini yake, unamimina maji kwenye kioo cha kupimia. Kioo unakiweka mahali palipo sawa, kisha unachuchumaa mpaka jicho lako liwe usawa mmoja na maji. Maji hupanda kidogo pembeni ya kioo kama uji kwenye ukingo wa sufuria. Usisome pembeni, soma katikati, pale yalipolala. Kama hakuna kitu, andika sifuri. Kama siku hiyo hukwenda kusoma, usiandike sifuri, andika kistari.

Hilo la mwisho alinifundisha Mzee Hamisi, bwana shamba aliyenipa kazi hii. Alilirudia hata nilipokuwa nimeshalielewa, na nilipomwambia nimeshaelewa akalirudia tena. "Ruthi, sifuri maana yake nimeangalia, sikukuta kitu. Kistari maana yake sijui. Mtu anayeandika sifuri mahali pa kistari ni mwongo, hata kama kweli haikunyesha."

Nawaambia mapema kwa sababu mimi mwenyewe, kwa kistari kimoja, nilikaribia kukikosesha kijiji kizima mbegu. Na chanzo chake kilikuwa mti nilioupanda kwa mkono wangu. Nitafika huko.

Kwanza niseme nilivyoipata kazi. Mzee Hamisi alikuja kijijini akitafuta mtu atakayekuwepo saa tatu kila siku, kiangazi na masika, sikukuu na msiba. Watu wakamwambia, "Mpe Ruthi, yeye hana mahali pa kwenda." Walisema kwa kunisema, lakini ilikuwa kweli, kwa hiyo sikukasirika. Alinikuta nyumbani napanga vitunguu kwa ukubwa, na havikuwa vya kuuza. Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Huyu anafaa."

Alinifundisha na mambo mengine yasiyo ya mvua. Mimi nilikuwa nikiulizwa habari za nyumbani, nazisema zote: mbuzi ana kuhara, paa la jiko linavuja upande wa mashariki, dada amekorofishana na mumewe juu ya jambo fulani, na hilo jambo nalitaja. Watu walianza kupita njia nyingine. Mzee Hamisi akaniambia, "Mtu akikuuliza habari za nyumbani, jibu nzuri."

"Na kama si nzuri?"

"Sema nzuri kwanza. Atauliza tena. Kwenye swali la pili au la tatu ndipo unaweza kumtaja mbuzi."

Nikaliandika kwenye daftari langu: swali la kwanza si swali. Limenisaidia maisha yangu yote. Mpaka leo nikiamkiwa shikamoo, najibu marahaba, halafu nahesabu maswali kimoyomoyo.

Makosa ya kazi mtayaona mengi, wala msishangae. Mimi nimekuta chura kwenye faneli, ameketi kama amepangishwa. Nimekuta maji yamejaa katikati ya Agosti, mwezi ambao huku kwetu hata mawingu huwa safarini. Watoto wa shule walikuwa wamenimwagia kikombe. Niliwaza sana siku ile. Sikuweza kuandika sifuri, maana maji yalikuwepo. Sikuweza kuandika milimita zilizosomeka, maana hazikutoka mbinguni. Mwisho niliandika: "Maji yamo. Mvua hapana." Mzee Hamisi alicheka mpaka akatoa leso, lakini hakufuta.

Jingine sijui kama ni kosa. Mama yangu alipofariki, tulilala msibani, wanawake tumekaa kwenye mikeka. Alfajiri ile mvua ilikuwa imenyesha. Ilipokaribia saa tatu nikainuka, nikapita katikati ya waombolezaji, nikaenda kwenye kipimo. Niliporudi mama mkubwa akaniuliza kwa ukali, "Umetoka wapi wewe, mwenye msiba?"

Nikajibu, "Kumi na mbili nukta nne."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilijua nimeharibu, ila sikujua ni wapi. Jirani yangu Mwajuma, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasema taratibu, "Mama yake alikuwa akiipenda mvua." Basi watu wakaangua kilio upya, kilio kizuri kuliko cha mwanzo. Nampa Mwajuma haki yake, aliniokoa. Lakini ukweli ni kwamba mama hakuwa akiipenda mvua kuliko watu wengine.

Neno la hali yangu nimelipata nikiwa nimeshazeeka. Neema, mtoto wa dada yangu, ni muuguzi. Alikuja likizo na karatasi za semina, akawa anajisomea kwa sauti barazani wakati mimi napepeta mtama. Akasoma: "Je, hukasirika ratiba inapobadilika?" Nikajibu ndiyo. "Je, huchukua maneno kama yalivyosemwa?" Nikajibu ndiyo. "Je, hupanga vitu kwa mstari au kwa ukubwa?" Nikajibu, wewe si unaviona vitunguu. Tukaenda hivyo hadi mwisho. Nilidhani ananihoji mimi.

Neema akaweka karatasi chini. "Mama mdogo, haya ni maswali ya mtoto wa miaka mitatu."

"Basi mtoto huyo akikua aje asome kipimo."

Baadaye alinipeleka kwa daktari, na daktari akazungumza na mimi muda mrefu, akasema ni usonji. Nikamuuliza anausoma kwa kitu gani, akasema hauna milimita. Hapo nikaingiwa na shaka kidogo. Lakini nami siijui kazi yake, na yeye hakuja kunibishia kwenye kioo changu, kwa hiyo nimekubali. Faida niliyoipata ni moja: zamani nilidhani wenzangu wote walipewa maelekezo siku ambayo mimi sikwenda shule. Kumbe hakuna siku kama hiyo.

Sasa nije kwenye kura.

Mwaka ule mvua ilianza vizuri, tukapanda mahindi na alizeti, halafu ikakata. Wiki ya tatu majani yakajikunja kama sigara. Jumamosi moja Wakristo na Waislamu wakakusanyika pamoja uwanja wa mpira, wakaomba mvua. Nilikuwepo. Jioni yake wingu likaja, likateremka upande wa bonde, na watu wa kule wakapiga vigelegele. Jumapili saa tatu nikafungua kipimo, chupa kavu. Nikaandika sifuri.

Watu waliponiuliza, nikawaambia sifuri. Ndipo kikaumana. Mchungaji akasema ninakana majibu ya maombi. Shehe akasema hivyo hivyo. Kwa kumbukumbu zangu ndiyo siku pekee wawili hao walikubaliana jambo bila kikao. Jumatatu mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Kitundu, akaitisha mkutano wa hadhara. Katibu akaandika agenda ubaoni: "Je, juzi mvua ilinyesha au haikunyesha?"

Mzee Kitundu akasimama. "Ndugu wananchi, sipendi maneno mengi. Anayesema ilinyesha, anyooshe mkono juu."

Mikono ikapanda mingi sana. Na mimi nikanyoosha.

Akaniona. "Mama Ruthi, wewe unanyoosha kwa upande gani?"

"Upande huu. Nimeona tope kwenye viatu vyako, mwenyekiti. Kwako bondeni ilinyesha."

"Haya. Basi kaandike."

"Nimepiga kura kwamba ilinyesha. Sijapiga kura kwamba iliingia kwenye chupa."

"Kijiji kizima kimeamua, mama."

"Kijiji kimeamua kuhusu mvua. Chupa haikuwepo mkutanoni."

Mtu mmoja nyuma akasema nisimamishwe kazi. Mwingine akasema waniache, maana atakayechukua nafasi yangu itabidi aamke kila siku, na yeye hayuko tayari. Hoja hiyo ilipita bila kura. Katibu akaandika kwenye muhtasari kuwa mvua imenyesha, mimi nikabaki na sifuri yangu, tukatawanyika.

Wiki mbili zikapita. Mahindi yakafa yakiwa yamesimama, hata ya bondeni kwa Mzee Kitundu, kwa kuwa ile mvua iliyopigiwa kura haikurudi tena. Tukabaki na nafasi moja tu: kupanda tena mtama wa muda mfupi kabla msimu haujafunga. Lakini mbegu hakuna aliyekuwa nayo. Tulizokuwa nazo zilikuwa ardhini, zimekufa. Ndipo habari ikaja kutoka Nduguti, makao ya wilaya, kwamba mbegu ya mtama ipo, itagawiwa kwa vijiji ambavyo daftari la kipimo linaonyesha ukame.

Mzee Kitundu akaitisha mkutano mwingine. Safari hii agenda ilikuwa kutengua mvua.

Katibu alisoma ule muhtasari wa kwanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya posa iliyokataliwa. Mikono ikapanda tena, ile ile, ikasema haikunyesha. Mimi sikunyoosha, maana nilivikumbuka viatu. Lakini safari hii hakuna aliyenichukia. Nililetewa soda. Nililetewa kiti chenye egemeo. Mzee Kitundu akasema, "Huyu mama tulimkosea. Kumbe yeye na sifuri yake ndio mkombozi wetu." Wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi, kwa hiyo nami nikapiga, kisha Mwajuma akanishika mkono nikaacha.

Ni Mwajuma huyo huyo aliyetania tulipokuwa tukiondoka. "Shoga yangu, kile kipimo chako nacho kina akili. Jua kali hivi, chenyewe kimejificha kivulini kama mbuzi."

Wenzake wakacheka. Mimi nikasimama pale pale.

Maneno mimi nayachukua kama yalivyo. Nikaenda moja kwa moja kwenye uzio. Miaka yote ile nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kioo, jicho usawa wa maji. Siku ile nikalala chali juu ya ardhi, kichwa karibu na faneli, nikaangalia juu kama kipimo kinavyoangalia. Sikuona mbingu. Niliona majani ya mwarobaini.

Mwarobaini ule niliupanda mimi. Nilikuwa na tabia ya kufika mapema na kusubiri saa tatu ifike, jua likanichoma, nikaona nipande kivuli. Mzee Hamisi alikuwa amenifundisha kwamba kipimo kiwe mbali na mti, umbali wa mara mbili ya urefu wa mti huo. Basi nikaupima mche kwa kamba. Ulinifika kiunoni. Nikailaza kamba ardhini mara mbili, nikapata kama hatua mbili, nikachimba shimo pale pale hasa, wala sikuzidisha wala sikupunguza. Nikaridhika. Kanuni haikusema upime tena. Mzee Hamisi alikuwa ameshahamia Manyoni kwa watoto wake, hakuwepo wa kuniambia kwamba miti hukua.

Mimi ninayeona siafu mmoja aliyeacha msafara sikuuona mti mzima, kwa sababu ulikua kila siku kidogo, na kila siku nilikuwa nimeuona jana.

Sasa fikirini. Manyunyu ya Jumamosi ile yangeweza kuishia kwenye majani yale, chupa ikabaki kavu. Au huenda hayakufika kabisa upande wetu. Sikujua. Na kitu nisichokijua kina alama yake kwenye daftari.

Sikula jioni ile. Mbegu ilikuwa ya wote. Ilikuwa yangu pia, nami nilikuwa na nusu eka ya mabua makavu. Sifuri ilikuwa imeshaandikwa, kwa wino, kwa nia njema. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza watu husema ninakuweza.

Asubuhi yake afisa alikuja kutoka wilayani, binti mdogo mwenye buti za kazi. Watu walikuwa wengi. Akanipa shikamoo, akaomba daftari, akalifungua, akaiona sifuri, akatoa kalamu.

"Usiandike bado," nikamwambia. "Angalia juu."

Akaangalia juu.

"Huo mti umefunika kipimo. Nimeupanda mwenyewe. Sifuri hiyo si ya kuaminika."

Mzee Kitundu akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na suruali yake ya mkutano. "Mama Ruthi," akasema, "ulikataa tulipotaka mvua. Sasa tunataka ukame, unakataa. Wewe unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nasema mti upo."

Yule binti akageuza fomu yake mbele na nyuma. "Bibi, fomu hii haina sehemu ya mti. Kuna mvua, na kuna sifuri. Niandike nini?"

"Andika kistari."

Akaandika kistari, kwa mvua ya Jumamosi ile na kwa kurasa zote tangu matawi yalipovuka uzio. Akaondoka na fomu. Watu nao wakaondoka, bila kuaga.

Siku zilizofuata zilikuwa tulivu mno. Nilipita sokoni hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani. Nilipita kisimani vivyo hivyo. Sikuhesabu swali hata moja. Siku ya nne nikampigia Neema simu nimweleze kwamba hatimaye watu wamenizoea.

"Mama mdogo," akasema, "hawajakuzoea. Wamekususa."

"Mimi nilidhani wamenielewa."

Akaniuliza kama nalia. Nilikuwa nalia, lakini nilikuwa sijaangalia.

Baadaye gari likaja na watu wawili. Walisema kijiji chenye kistari hakiwezi kuamuliwa kwa daftari, lazima mtu aje aone kwa macho. Wakatembea mashambani, wakavunja mabua, wakafukua udongo kwa kidole, wakaondoka. Haukupita muda mrefu mbegu ikaja. Mzee Kitundu akawaambia watu kwamba kile kistari walikipanga pamoja, yeye na mimi. Nilipokataa mbele za watu alicheka akasema, "Huyu mama mnamjua." Tangu hapo naulizwa habari za nyumbani tena, mpaka swali la tatu.

Hapa ningeweza kumalizia, mkasema bibi alisema kweli na mambo yakanyooka. Lakini haki ni haki. Kijiji cha jirani kilikuwa na sifuri, nacho kilipata mbegu wiki moja kabla yetu. Ile wiki ya kuchelewa ilitoka kwangu. Mtama wa Mwajuma ulikamatwa na kiangazi ukiwa haujajaza, akavuna nusu ya walichovuna wa kijiji kile. Nilikwenda kwake kumwambia, kwa sababu nilihesabu nikaona anapaswa kujua.

Alikuwa anapura. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupiga.

"Kwa hiyo ungenyamaza, ningepanda mapema," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ungekula?"

"Hapana."

Akapiga mara mbili tatu. "Ungekonda, halafu ningekupikia mimi. Shika fimbo hiyo, pura."

Nikapura hadi jua likazama. Mpaka leo sijui kama aliniwia radhi siku ile au alikuwa anahitaji mtu wa kupura tu. Nimeweka kistari.

Mti hatukuukata. Watu walikuwa wameshauzoea kwa vikao, na wenyewe pia ulipigiwa kura. Tulihamisha kipimo, na siku hiyo mimi ndiye niliyeshika kamba. Zainabu, kile chombo chenu kipya cha sola kinatuma vipimo chenyewe hadi Nduguti, ni kizuri, sikionei wivu. Lakini hakijui kuangalia juu. Kwa hiyo kwenye karatasi ya ukutani, chini ya yote niliyoandika mwanzo, ongeza hili: kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, lala chali karibu na kipimo, uangalie. Miche mipya miwili imeota upande wa mashariki. Jana nimeipima. Mmoja unanifika kwenye kifundo cha mguu, mwingine gotini. Kapime tena.